Mwaka Dirce Alipopanga Likizo ya Mlimani

Dirce Malaguti alizaliwa na mdomo uliobenuka. Ndivyo mama yake, bibi Argia, alivyopenda kusimulia: watoto wa wenzake walitoka tumboni wakilia, huyu alitoka akimtazama mkunga kama mtu aliyechelewa kufika kazini. Akakua hivyo hivyo, akavuka hamsini hivyo hivyo, mwembamba, nywele fupi alizojikata mwenyewe mbele ya kioo, akiendesha saluni ndogo katika mji wa tambarare karibu na mto Po, mji ambao kila Julai hugeuka sufuria iliyofunikwa. Hakuolewa. Akiulizwa kwa nini, alisema wanaume wa mji ule aliwajua wote tangu wakiwa wadogo, na hawakuongeza kitu tangu hapo isipokuwa matumbo.

Kuanzia Mei wateja wake hawakuwa na habari nyingine ila likizo. Walikaa chini ya draya, vichwa vimejaa rola, wakipigiana kelele kushinda mvumo wa mashine: sisi Sardinia, sisi Rimini, sisi mwaka huu kisiwani, mume wangu ameshalipia. Dirce alisema, "Aa, hongera," kwa sauti ambayo ingegandisha supu. Aliwadharau wa baharini, waliokwenda kujianika kama dagaa. Aliwadharau wa milimani, walionunua viatu vizito kama vya wanajeshi ili wavuke maegesho ya magari ya hoteli. Lakini dharau yake iliyokomaa, ile aliyoipalilia na kuimwagilia miaka na miaka, alimwekea mtu mmoja: kaka yake, Gualtiero.

Gualtiero alikuwa amestaafu kutoka ofisi ya ramani za mashamba, ambako maisha yake yote alikuwa akiwaambia wakulima kwamba ua wao uko pasipo pake. Alipostaafu, wakulima walipumzika, na mzigo wote ukawaangukia ndugu zake. Hasa mambo ya likizo. Tangu baba yao alipofariki, Gualtiero ndiye aliyepanga safari ya familia, na safari ilikuwa moja tu: majuma mawili ya Agosti katika kijiji cha Malgarossa, juu kabisa milimani, hoteli ya Genziana, chakula mara tatu. Nyuma ya mgongo wake Dirce alimwita Jemadari.

Alikuwa na fimbo ya kutembelea iliyofunikwa beji za chuma toka kichwani hadi chini, kila moja na jina la kilele au la kibanda cha wapanda milima. Mtu asiyemjua angedhani huyu kavuka Alpi zote kwa miguu. Beji zilinunuliwa madukani, kule ambako gari la kuning'inia kwenye waya humfikisha yeyote mwenye tiketi, hata mwenye magongo. Moja ilikuwa ya kibanda alichokiona kwa darubini tu, ameketi mkahawani anakula keki ya tufaha. Dirce alikuwa naye mezani siku hiyo. Alimwona akiinuka, akiinunua, akiigongomea kwenye fimbo kwa kisigino cha kiatu, uso umejaa heshima.

Na hotuba zake! Wakifika tu Malgarossa, kabla hata ya kufungua buti, aliwapanga wote kwenye maegesho. "Vuteni hewa! Vuteni, vuteni! Hii si ile ya kwetu!" Na watu wazima wenye akili zao walisimama pale wakivuta na kushusha pumzi kama wagonjwa mbele ya daktari. Yeye ndiye aliyegawa vyumba. Mkewe Ines na yeye walipata chenye roshani. Mwanawe Fausto na mkewe Katia walipata kinachotazama msitu. Dirce na mama walipata kile cha nyuma, juu ya jiko, ambamo mito ya kulalia ilinuka mafuta ya kukaangia. Garini waliimba nyimbo za mlima njia nzima, yeye akipiga mdundo kwenye usukani, na aliyezima sauti aliulizwa kama anaumwa.

Mambo yalibadilika Januari moja, Jumapili baada ya sikukuu, nyumbani kwa Gualtiero. Walikuwa wamemaliza vifuko vya tambi vilivyojazwa nyama, vile vinavyoelea kwenye supu ya kuku, na kama desturi Jemadari alitandaza ramani mezani kabla sahani hazijaondolewa. Pembe moja ya ramani ikanywa supu.

"Mwaka huu kuna badiliko dogo," alisema, akigonga glasi kwa kijiko ingawa hakuna aliyekuwa akizungumza. "Mama hatakwenda. Mwinuko ule haufai kwa moyo wake. Nimeongea na masista, wana nyumba nzuri ya wazee, wanapokea watu hata kwa majuma mawili. Bustani ipo. Televisheni ipo. Atapumzika."

Bibi Argia alikuwa ameketi palepale, pembeni mwa meza, akipangusa sahani yake kwa kipande cha mkate. Gualtiero alimzungumzia kama linavyozungumziwa kochi la zamani: litawekwa wapi nyumba ikipakwa rangi.

"Umemuuliza mwenyewe?" Dirce alisema.

"Mama anaelewa."

"Mama, unaelewa?"

"Naelewa," alisema bibi Argia. "Nipitishie jibini."

Dirce alimgeukia Fausto, akamgeukia Katia, akamgeukia wifi yake Ines. Wote watatu walikuwa wamegundua jambo la maana sana kwenye vitambaa vyao vya mezani. Akasonya, sonyo refu, la kutoka chini ya mbavu.

"Nani amesema mwinuko haumfai? Daktari?"

"Inajulikana, Dirce."

"Inajulikana na nani? Na wewe? Wewe ulikuwa unapima mashamba ya viazi, tangu lini umekuwa daktari wa moyo?"

"Baba, shangazi, jamani," Fausto alinong'ona.

"Wewe nyamaza, kula."

Gualtiero alitabasamu, tabasamu lile la ofisini, la mtu mwenye muhuri. "Mdogo wangu, kulalamika ni rahisi. Kupanga ndiko kazi. Watu sita, vyumba, barabara, hali ya hewa. Wewe hujui hata kaskazini ni upande gani."

"Najua jiko liko upande gani. Miaka yote hii unanilaza juu yake."

Katia alicheka, halafu akakohoa ili ionekane hakucheka. Gualtiero aliikunja ramani taratibu, mkunjo kwa mkunjo, akaisukuma mezani mpaka ikagusa sahani ya dada yake. "Basi chukua. Mwaka huu panga wewe. Tutaona."

Alisema kwa ukarimu wa mtu anayemkopesha mwenzake kamba ya kujinyongea. Dirce aliiweka ramani kwenye pochi bila kusema ahsante.

La kwanza alimpeleka mama kwa daktari. Daktari alimsikiliza bibi kifua na mgongo, akauliza kijiji chenyewe kiko juu kiasi gani, akacheka. "Moyo huu," alisema, "utatuzika sisi sote. Magoti ndiyo mabovu. Msimpandishe ngazi, basi." Njiani kurudi bibi Argia alisema, "Amekugusa bega mara mbili yule daktari." Dirce alisema hana haja na daktari mwenye meno kama yale.

La pili ndilo lililomtoa jasho. Alidhani kupanga ni kupiga simu hotelini. Lakini kwa kuwa kaka yake hakuwahi kumwuliza mtu anataka nini, yeye, kwa ubishi tu, aliamua kumwuliza kila mtu. Hakujua anafunua chungu gani.

Ines alikuja kuseti nywele siku ya Alhamisi. Mwanamke mpole, mweupe, laini kama mkate usioiva vizuri. Dirce hakuwahi kupata sababu ya kumchukia na hilo lenyewe lilimuudhi. Alimkalisha chini ya draya, akamwinamia sikioni.

"Wifi, niambie. Agosti unataka nini? Roshani? Chumba cha juu?"

Ines alitazama mlangoni, akatazama vioo, akaizima draya kwa mkono wake mwenyewe. "Hutamwambia?"

"Nani?"

"Mimi milima siipendi, Dirce. Tangu tuoane. Masikio yananiziba, nguo hazikauki, na ile milima... naona kama inaniangukia. Nikilala naisikia imesimama pale nje."

"Tangu muoane?"

"Tangu fungate."

"Na hukusema?"

"Ningesemaje? Nyote mlikuwa mnafurahi hivyo. Nitakuwa mimi tu wa kuwaharibia?"

Dirce aliiwasha draya tena, kwa kiganja, kama anayefunga mlango usoni mwa mtu. Mwanamke mzima, alijiambia, na pete kidoleni, ameogopa mlima nusu ya maisha yake akaona aibu kusema. Lakini alipomtoa rola alizitoa polepole, asimvute.

Fausto alikuja mwenyewe, kwa mlango wa nyuma, kama anayeuza sigara za magendo. Alikuwa mwanamume mrefu mwenye ndevu, fundi wa viyoyozi, anayetembea juu ya mapaa ya watu bila wasiwasi. "Shangazi, baba asijue," alianza. Kumbe zile kona za barabarani zilimtapisha tangu utotoni. Kila mwaka alishuka kwenye kituo kilekile cha mafuta akajidai anakwenda kununua magazeti. Katia naye, aliyekuja nyuma yake, alisema kwamba ile kazi ya dharura inayomwita kila Agosti ili warudi siku chache mapema haipo.

"Haipo?"

"Haijawahi kuwepo, shangazi. Namwambia dada yangu anipigie simu."

"Kwa nini mlikuwa mnakuja, basi?"

Walitazamana. "Kwa ajili ya mama yangu," alisema Fausto. "Anapenda sana kule."

Dirce alikaa kwenye kiti cha wateja, akajitazama kiooni, akacheka bila furaha. Ines alikwenda kwa ajili ya watoto. Watoto walikwenda kwa ajili ya Ines. Msafara mzima ulipanda mlima kila Agosti ukiimba, na hakuna hata mmoja aliyetaka kufika. Kondoo, alisema kwa sauti. Hata kondoo wana nafuu, wao angalau hupata majani.

Na yeye? Jioni ile, akifunga saluni, aliitandaza ramani juu ya kaunta, kati ya chupa za rangi, ili apange kumweleza kaka yake ubatili wake wote. Kidole chake kikashuka chenyewe hadi kwenye mteremko ulio chini ya Malgarossa, pale wanapofyeka majani ya ng'ombe na kuyaanika. Alikumbuka asubuhi moja alipotoka peke yake kukimbia harufu ya mafuta ya jikoni, akakuta mteremko wote umefyekwa alfajiri ile, na harufu yake ikamfanya asimame. Alikuwa amesimama muda mrefu. Hakumwambia mtu. Angemwambiaje mtu, wakati yeye ndiye bingwa wa kuikejeli likizo ile toka Septemba hadi Julai? Aliikunja ramani kwa hasira. Kwa hiyo katika familia nzima mpumbavu mmoja tu ndiye aliyeipenda milima, na mpumbavu huyo ni yeye.

Mtu mwingine angepiga simu moja moja, taratibu, akalimaliza jambo pasipo kumwumbua mzee wa watu. Dirce hakuwa mtu mwingine. Alingoja Jumapili moja ya Mei, meza ileile, Jemadari ameketi kichwani mwa meza na leso shingoni, amenuna kwa raha akisubiri kuona dada yake ameshindwa.

"Haya," alisema Gualtiero. "Tusikie mpango wa mkuu wetu mpya. Tunaondoka lini?"

"Ngoja. Kwanza kila mtu aseme anataka kwenda wapi."

"Kwenda wapi vipi? Malgarossa!"

"Wifi, sema."

Ines alishika mkono wa kiti.

"Sema, wifi, au niseme mimi."

"Gualtiero," alisema Ines, na sauti yake ilikuwa nyembamba kama uzi, "mimi nataka kwenda baharini."

"Baharini? Mwaka huu?"

"Kila mwaka."

Fausto aliweka uma chini. "Na sisi, baba. Samahani. Baharini." Katia aliitikia kwa kichwa huku akitazama saladi.

Dirce alikuwa ameingoja sura ile ya kaka yake maisha yake yote. Alikuwa ameiwaza: atafura, atapiga meza, atatoa hotuba, naye atamjibu kwa maneno aliyoyanoa tangu Januari. Gualtiero hakufura. Alitazama mmoja mmoja, kama anayehesabu wanafunzi na kukuta wamepungua. Alivua leso shingoni. Akainuka, akakusanya sahani, chafu na safi pamoja, akazibeba jikoni, na wakasikia maji yakifunguliwa. Mtu ambaye hakuwahi kuosha hata kikombe alisimama kule akiosha, na hakuna aliyethubutu kwenda kumwambia sabuni iko wapi.

"Kuna keki?" Fausto aliuliza baada ya muda.

Dirce alimtazama jinsi mtu anavyotazama kitu kilichokwama chini ya kiatu. Alikuwa ameshinda, na ushindi ulikuwa pale mezani, pamoja na makombo ya mkate.

Agosti ilipofika, wanne walishuka kwenda baharini, na Dirce akampakia mama kwenye kigari chake kidogo, miguu ya bibi imekunjwa juu ya sanduku. Hakuna aliyeimba. Bibi Argia alilala toka mjini Bolzano na akaamka mlangoni pa hoteli ya Genziana. Dirce alikuwa amechukua chumba cha chini kinachotazama mteremko, na alipofungua dirisha, harufu ya majani yaliyokatwa iliingia kama mtu wa nyumbani. Safari hii alivuta hewa bila kuamriwa.

Siku ya pili mama yake alisema anataka kwenda kwenye maji.

"Maji gani, mama?"

"Yale yanayopiga kelele. Nayasikia kila mwaka, siyaoni."

Kijito kilikuwa nyuma tu ya zizi la jirani, mwendo mfupi, njia tambarare. Katika miaka yote ile hakuna aliyempeleka, maana hakikuwa kwenye ratiba ya Jemadari, na yeye Dirce, mkosoaji mkuu wa ratiba, hakuwahi kufikiria kuuliza. Alimkalisha mama juu ya jiwe. Bibi Argia akavua soksi zake ndefu mwenyewe, akaingiza miguu, akafumba macho. Ujana wake wote aliupitisha akipalilia mpunga kule tambarare, maji ya vuguvugu hadi magotini, ruba wakimnyonya, mbu wakimmaliza.

"Haya hayana ruba," alisema.

"Hayana, mama."

"Ndiyo hayahaya yanayoteremka hadi kwetu. Yakifika yameshakutana na watu." Akainua mguu mmoja, mwekundu kwa baridi, akautazama kwa kuridhika. "Kesho tena."

Wakaenda kesho tena, na kila siku.

Mwenye hoteli aliitwa Oliva, mwanamke mkubwa wa mabega mapana aliyepika ugali wa manjano kwenye sufuria ya shaba na kuumwaga juu ya ubao, kisha akaukata kwa uzi. Asubuhi moja Dirce alikwenda jikoni kuomba maji ya moto ya kukanda magoti ya mama, akamkuta Oliva ameinamia beseni la viazi, ananung'unika.

"Mwaka huu namkosa msaidizi wangu," alisema Oliva.

"Ameacha kazi?"

"Kaka yako, bwana! Bwana Gualtiero. Kila asubuhi, nyie wote mmelala, anashuka, anachukua kisu, ananimenyea viazi. Anamenya vizuri, maganda membamba hivi."

Dirce alidhani hakusikia sawasawa. "Gualtiero?"

"Ndiyo. Anakaa hapohapo uliposimama. Mpole, hana neno. Maskini, na ile hofu yake ya mahali pa juu."

"Hofu gani?"

Oliva alisita, kisu kikiwa hewani. "Hamjui? Roshani yenyewe hakuwahi kuikanyaga. Mwaka wa kwanza alinisihi nisogeze kitanda mbali na dirisha. Na lile gari la kwenye waya, anapanda amefumba macho toka chini hadi juu, watu wangu kule wananiambia, anashika bomba kama mtoto. Nikamwuliza siku moja, bwana, si uende kwingine? Akaniambia, mama, watu wangu wanaipenda sana milima. Wanaanza kuimba garini. Siwezi kuwanyima."

Dirce alitoka nje bila maji ya moto. Alikaa kwenye benchi la mbao na kucheka mpaka akashika tumbo, na mwanamke aliyekuwa akianika mashuka alimtazama kwa mashaka. Halafu kicheko kikakatika, hasira ikaingia mahali pake. Pumbavu! Fimbo ile, beji zile, hotuba zile, kumbe jitu linatetemeka kwenye roshani! Na kupanga kote kule, ramani, ratiba, kugawa vyumba: mtu anayeogopa shimo hulizungushia ua. Akamdharau. Akamdharau Ines, na Fausto, na Katia. Na alipotafuta mtu wa kubaki nje ya dharau ile, asijikute ndani, hakumpata.

Alimpigia simu palepale.

"Haloo? Mama ana nini?" Sauti ya Gualtiero ilikuja na kelele za watoto na mawimbi.

"Mama hana kitu. Wewe ndiye mwenye kitu. Unaogopa mahali pa juu."

Mtu alipita karibu naye akinadi nazi.

"Nani amekwambia?"

"Viazi vimeniambia. Kaka, kwa nini hukusema?"

"Mlikuwa mnafurahi."

"Nani?"

"Nyote. Mlikuwa mnaimba."

"Tulikuwa tunaimba ili wewe unyamaze!"

Dirce alisikia kitu ambacho hakujua kama ni kicheko au ni upepo kwenye simu.

"Huku tambarare," alisema Gualtiero mwishowe. "Tambarare kabisa, Dirce. Mtu anaona mpaka mwisho." Kisha, kwa haraka, "Mama anakula?"

"Anakula kukushinda wewe."

"Haya. Asikae juani mchana."

"Usinipangie," alisema Dirce, akakata.

Alimkuta mama yake dirishani, ameshajiandaa kwenda kijitoni, soksi mkononi. "Ulikuwa unamfokea nani?"

"Jemadari. Mama, ulijua anaogopa mahali pa juu?"

"Gualtiero? Tangu mtoto. Alikuwa hapandi hata ngazi ya ghala, baba yake anamcheka."

"Ulijua! Na Ines? Na Fausto na matapishi yake?"

"Nina macho."

"Sasa mbona ulinyamaza miaka yote hii?"

Bibi Argia alimtazama binti yake, na mdomo ukabenuka, na hapo Dirce aliona waziwazi ule wake ulitoka wapi. "Majuma mawili kila mwaka mtu mwingine ananipikia, mtu mwingine anaosha, na watoto wangu wote wako mahali pamoja nawaona. Niseme ili iweje? Ili mkae nyumbani mnune? Nyie mmesoma, mna midomo, mkashindwa kusema mnachotaka. Nikaona kama ni wajinga kiasi hicho, acha wapande tu, miguu yao ipate mazoezi." Akampa soksi azishike. "Twende, jua linatupita."

Dirce aliutoa mkono akamshika mama kwapani, wakashuka.

Likizo ya pamoja haikufanyika tena. Watu walisema ni huzuni; Dirce alisema ni usafi. Kila Agosti alifunga saluni na kwenda Malgarossa na mama yake, na mama alipofariki, majira mawili ya baridi baadaye, aliendelea kwenda peke yake, akawa anakaa siku zaidi kila mwaka, mpaka Oliva akampa funguo za mlango wa nyuma. Wateja wa saluni walipomwuliza kama anapenda milima, alisema anavumilia.

Alianza kumtembelea kaka yake Jumapili moja moja bila kuitwa. Walibishana kuhusu kila kitu, hata kuhusu njia ya kukata limau, na Ines alisema hajawahi kuwasikia wakipatana vile. Dharau yake kwa Gualtiero haikupungua. Ilizeeka tu, ikawa kama kiti ambacho mtu hukikalia kila siku.

Kaka mwenyewe hakubadilika sana. Mwaka wa pili baharini alishaanza kupanga miavuli ya watu wasiomhusu, kila mwavuli na mahali pake, na kuwafundisha wageni jinsi ya kuingia majini hatua kwa hatua. Ines alimpelekea Dirce kadi yenye picha ya ufuko, mwandiko wake mdogo ukiwa umebanana pembeni: "Wifi, mstari wetu wote wa miavuli hawampendi, lakini analala usiku kucha na mimi pia. Vipi huko?"

Dirce aliisoma amesimama kando ya benchi la mbao, akasonya, akarudi ndani kumsaidia Oliva kukata ugali.